Pumu Inaanza Kutibiwa Siku Usiyobanwa

Dalili za pumu hupenda usiku wa manane na alfajiri, na zahanati hufunguliwa asubuhi. Hapo ndipo wagonjwa wengi wanapopotelea. Mtoto amekohoa tangu saa nane, mama amemkalisha na kumsugua mgongo hadi kumekucha, lakini ikifika saa tatu mhudumu anapomsikiliza, kifua kimeshatulia na hakuna cha kusikia. Wanarudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi, pengine na antibiotiki juu yake. Baada ya wiki chache mambo ni yale yale. Kwa hiyo uchunguzi wa pumu huanzia nyumbani, kwa mtu aliyekesha na mgonjwa, na mwongozo huu unaanzia hapo hapo.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Mtu mwenye pumu ana uvimbe ndani ya njia za hewa za mapafu, na uvimbe huo upo hata siku anayojisikia mzima kabisa. Njia zilizovimba ni nyepesi kukasirika. Zikiguswa na moshi, mafua, vumbi au baridi, misuli inayozizunguka hukaza, ute huongezeka, na nafasi ya hewa kupita hubaki ndogo. Kila mtu huona kule kubanwa, lakini chanzo ni uvimbe, na uvimbe unatibika. Ukishika tofauti hiyo, karibu kila ushauri ulioko hapa chini utaeleweka.

Hatua ya 1: Weka daftari kwa wiki mbili

Dalili za kufuatilia ni nne: kikohozi, kubanwa kifua, kukosa pumzi, na sauti ya filimbi wakati wa kutoa hewa. Mtu mwenye pumu kwa kawaida huwa na zaidi ya moja kati ya hizo, nazo huja na kuondoka. Leo anacheza mpira vizuri, kesho anashindwa kupanda ngazi. Huzidi usiku au alfajiri, na mara nyingi kuna kitu kilichoziamsha: mafua, kukimbia, kucheka sana, moshi wa jikoni, kufagia, manukato, mvua za kwanza.

Andika saa dalili ilipoanza, mgonjwa alikuwa anafanya nini, aliamka usiku au hapana, alitumia dawa gani na ilimsaidia baada ya muda gani. Kama una simu yenye kamera, mrekodi mtoto kifua wazi wakati amebanwa, kwa dakika moja tu, sauti ikisikika na mbavu zikionekana. Video hiyo ina thamani kubwa mbele ya daktari kuliko maelezo marefu, kwa sababu inamwonyesha kile ambacho asubuhi hakipo.

Andika pia historia. Je, mtoto aliwahi kuwa na ile inayoitwa pumu ya ngozi? Anapiga chafya mfululizo kila asubuhi na kujikuna macho? Kuna mzazi, shangazi au mjomba mwenye pumu? Ndiyo moja haithibitishi ugonjwa, lakini zikikusanyika zinaelekeza. Na kama mtoto ametibiwa nimonia mara tatu au nne kwa mwaka, kila mara anapata nafuu haraka na hakuwa na homa kali, mwulize daktari waziwazi: je, hii inaweza kuwa pumu?

Hatua ya 2: Omba kipimo cha pumzi

Kipimo kinachoaminika zaidi ni spirometri. Mgonjwa anavuta hewa yote anayoweza kisha anaipuliza kwa nguvu ndani ya mashine. Anapewa salbutamoli ya kuvuta, dawa ya kutanua njia za hewa, anasubiri dakika 10 hadi 15, anapuliza tena. Kwa mtu mzima, hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa angalau asilimia 12 na mililita 200, hilo ni jambo zito linaloelekeza kwenye pumu. Mashine hii hupatikana zaidi katika hospitali kubwa na kliniki za kifua, na mtoto wa chini ya miaka 5 kwa kawaida hawezi kuipuliza ipasavyo.

Penye kukosa spirometri kuna kifaa kidogo cha plastiki ambacho wahudumu hukiita pikiflo. Hakihitaji umeme, kinadumu miaka, na mtu anaweza kukitumia nyumbani. Simama wima, sukuma mshale hadi sifuri, vuta hewa kujaza kifua, banisha midomo, puliza kwa mkupuo mmoja wa nguvu. Fanya mara tatu na uandike namba kubwa kuliko zote. Rudia asubuhi na jioni kwa wiki mbili.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme asubuhi umepata 280 na jioni 340. Tofauti ni 60, wastani wa namba hizo mbili ni 310, na 60 ni kama asilimia 19 ya 310. Fanya hivyo kwa kila siku kisha tafuta wastani wa siku zote. Kwa mtu mzima, wastani unaozidi asilimia 10 unaashiria pumu. Kwa mtoto, unaozidi 13. Njia nyingine ni kupuliza kabla ya salbutamoli na tena dakika 15 baadaye: namba ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, ushahidi umeongezeka.

Kipimo kifanyike kabla ya kuanza dawa ya kila siku inapowezekana, maana dawa ikishafanya kazi tofauti hizi hupungua. Lakini mgonjwa aliyebanwa vibaya asicheleweshwe kwa ajili ya namba, atibiwe kwanza.

Picha ya eksirei haionyeshi pumu. Hupigwa kutafuta magonjwa mengine, na eksirei safi haina maana kwamba mgonjwa anajifanya.

Watoto wa chini ya miaka 5 wanahitaji subira. Wengi hutoa sauti ya filimbi wakipata mafua na huachana nayo wakikua. Daktari huifikiria pumu zaidi pale mtoto anapokohoa au kubanwa hata asipokuwa na mafua, akicheka au kukimbia, akiwa na pumu ya ngozi, au mzazi mmoja akiwa na pumu. Hapo anaweza kumjaribishia dawa ya kuzuia uvimbe kwa miezi miwili hadi mitatu, kisha aisimamishe na kuangalia. Akipata nafuu kwa dawa na kurudi nyuma bila dawa, jibu limepatikana.

Mzazi ajue jambo hili moja la kituoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto wadogo unasema kwamba mtoto anayepumua haraka, yaani mara 50 au zaidi kwa dakika kati ya miezi 2 na 12, au mara 40 au zaidi kati ya mwaka 1 na 5, akiwa pia anatoa sauti ya filimbi, apewe kwanza dawa ya kuvuta ya kutanua njia za hewa, hadi mara tatu kwa vipindi vya dakika 15 hadi 20, ndipo pumzi zihesabiwe upya kabla ya kuamua ni nimonia. Una haki ya kuuliza kwa adabu kama hilo limefanyika.

Hatua ya 3: Hakikisha si kitu kingine

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hasa kikiwa na homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, kipimwe kifua kikuu kwanza. Tanzania na Kenya huduma hiyo katika vituo vya umma ni bure. Mtu anaweza pia kuwa na vyote viwili, au kifua kikuu cha zamani kikawa kimemwachia mapafu yenye makovu yanayombana kila leo.

Mzee aliyevuta sigara miaka mingi, au bibi aliyepikia kuni tangu usichana wake, akianza kuishiwa pumzi taratibu bila siku za nafuu kamili, huenda ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao matibabu yake yanatofautiana kwa kiasi na ya pumu. Miguu ikivimba na mtu akashindwa kulala chali, moyo uangaliwe. Mtoto aliyekuwa mzima, akapaliwa ghafla akila karanga au akichezea mbegu, kisha filimbi ikabaki upande mmoja wa kifua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna kitu kimeingia kwenye njia ya hewa. Na anayetumia enalaprili, kaptoprili au lisinoprili kwa shinikizo la damu, akipata kikohozi kikavu kisichokwisha, amwambie daktari: dawa hizo zinajulikana kuleta kikohozi.

Kwa mtu mzima aliyeanza kubanwa ukubwani, swali la kwanza liwe kazi yake. Vumbi la unga kwa waoka mikate, vumbi la mkonge, pamba na kahawa viwandani, rangi za kupuliza magari, dawa za saluni, sabuni kali za usafi, vyote vinaweza kuanzisha pumu. Akipata nafuu siku za mapumziko na likizo, kisha Jumatatu kifua kikarudi, ameshajibu mwenyewe.

Hatua ya 4: Elewa dawa mbili zenye kazi mbili

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo maisha yanapopotea.

Dawa ya kwanza ni ya kutuliza. Inayojulikana zaidi ni salbutamoli, mara nyingi kwenye kopo la bluu. Inalegeza misuli iliyokaza, mtu anapumua ndani ya dakika chache, na baada ya saa nne hadi sita kazi yake imekwisha. Haigusi uvimbe. Dawa ya pili ni ya kuzuia: steroidi ya kuvuta kama budesonidi, beklometasoni au flutikasoni. Hii haileti nafuu ya papo hapo. Inapunguza uvimbe pole pole, siku hadi wiki, na ndiyo inayomwondoa mtu kwenye hatari. Rangi za makopo hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo soma jina la dawa, usitegemee rangi.

Watu wengi wanapenda ya bluu kwa sababu wanaiona ikifanya kazi, na wanaiacha ile nyingine kwa sababu hawaihisi. Matokeo yake yanajulikana. Utafiti wa Saskatchewan, Kanada, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kila kopo la ziada la steroidi ya kuvuta ambalo mgonjwa alitumia kwa mwaka liliambatana na kupungua kwa hatari ya kufa kwa pumu kwa takriban asilimia 21. Upande wa pili, anayemaliza makopo matatu au zaidi ya bluu kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya shambulio kali, na anayefikia 12 yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa.

Ndiyo maana mwaka 2019 jopo la kimataifa la pumu, GINA, liliacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana kuanzia miaka 12. Njia wanayoipendelea sasa ni kopo moja lenye budesonidi na formoteroli pamoja. Formoteroli hutanua njia haraka, budesonidi hupunguza uvimbe, hivyo kila mgonjwa anapojituliza anajitibu pia. Mwenye pumu nyepesi anaweza kulitumia anapobanwa tu. Mwenye pumu nzito zaidi hulitumia asubuhi na jioni na pia anapobanwa, bila kuzidi jumla ya mipulizo 12 kwa siku kwa mtu mzima. Ruhusa hiyo ni ya formoteroli. Kopo lenye salmeteroli lisitumike kujituliza wakati wa shambulio, maana huchelewa kufanya kazi. Kama dawa hiyo ya pamoja haipatikani au bei yake haishikiki, vuta steroidi ya kawaida kila unapovuta salbutamoli, au tumia steroidi kila siku kama daktari alivyopanga. Watoto wa miaka 6 hadi 11 hufuata mpango huo huo wa steroidi kiasi kidogo, na wadogo zaidi huamuliwa na daktari mmoja mmoja.

Vidonge na sharubati ya salbutamoli bado vinauzwa kwa wingi. Mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, mtoto halali, na nafuu inachelewa. Dawa ya kuvuta inafika mahali pake kwa kiasi kidogo sana. Kama una uwezo wa kuipata, usikubali kidonge kichukue nafasi yake.

Halafu kuna neno linalotembea mitaani kwamba "inhela inazoesha," kwamba mtoto akianzishiwa hataiacha maisha yake yote. Hakuna uraibu hapo. Mtu anaendelea kuihitaji kwa sababu ugonjwa upo, jinsi mwenye kisukari anavyoendelea na insulini. Kinachotisha wazazi zaidi ni neno steroidi, na ni haki yao kuuliza. Katika watoto wanaotumia kiasi kidogo kila siku, kimo cha utu uzima kinaweza kupungua kwa takriban sentimita 1. Weka hiyo upande mmoja, na upande wa pili weka usiku wa kukosa pumzi, masomo yaliyokatika, na vidonge vya prednisoloni vya mara kwa mara, ambavyo madhara yake kwa mifupa, sukari na ukuaji ni makubwa zaidi.

Mjamzito asiache dawa za kuvuta. Pumu isiyodhibitiwa ndiyo inayomnyima mtoto tumboni hewa. Dawa hizi zina historia ndefu ya usalama katika ujauzito. Na katika mwezi wa Ramadhani, dawa ya kuzuia inayotumika mara mbili kwa siku inaweza kupangwa wakati wa futari na wakati wa daku, hivyo mfungaji hakosi dozi. Kuhusu kuvuta mchana wanazuoni wamehitilafiana, na ni vizuri kumwuliza shehe wako mapema kabla ya mwezi kuandama. Aliyebanwa asisubiri magharibi. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye.

Hatua ya 5: Jifunze kuvuta, tena na tena

Dawa nzuri ikivutwa vibaya inaishia ulimini na kooni. Makosa haya ni ya kawaida sana, kwa wasomi na wasiosoma. Mwombe mhudumu akutazame ukivuta kila unapokwenda kliniki, hata kama unaona umeshajua.

Kwa kopo la kubonyeza: toa kifuniko na uchungulie mdomo wa kopo kama hakuna uchafu. Tikisa. Kama ni jipya au limekaa wiki kadhaa, puliza hewani kwanza kama maelezo ya karatasi yake yanavyosema. Toa hewa yote kifuani polepole. Weka mdomo wa kopo kati ya meno, banisha midomo. Anza kuvuta hewa taratibu, na hapo hapo bonyeza mara moja, uendelee kuvuta kwa sekunde nne au tano. Funga pumzi hadi uhesabu kumi. Toa. Kama unahitaji mpulizo wa pili, subiri nusu dakika hivi, tikisa tena, rudia. Ukimaliza steroidi, sukutua mdomo kwa maji na uyateme, la sivyo utapata utando mweupe wa fangasi mdomoni na sauti kukauka.

Vifaa vya unga ni tofauti: havitikiswi, na vinahitaji kuvutwa kwa nguvu na haraka. Ukibadilishiwa kifaa, jifunze upya.

Kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja kunawashinda wengi, na mtoto hawezi kabisa. Suluhisho ni chemba ya plastiki iitwayo spesa, inayoshika dawa hewani ili mtu aivute kwa pumzi za kawaida. Haipatikani kila duka la dawa, lakini kuna njia iliyopimwa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kulinganisha spesa za dukani na chupa ya plastiki ya nusu lita kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa ilifanya kazi sawasawa.

Kuitengeneza ni hivi. Chukua chupa ya maji ya mililita 500 iliyo safi. Kwenye kitako, chora umbo la mdomo wa kopo lako, lile la yai. Toboa kwa ncha ya kisu au waya uliopashwa moto, ukifuata mstari. Tundu liwe la kubana, kopo liingie kwa kusukuma. Lainisha kingo zisikwaruze, na kama kuna mwanya uzibe kwa gundi ya karatasi. Osha chupa kwa maji yenye sabuni na uiache ikauke yenyewe kwa hewa bila kuifuta kwa kitambaa, maana kuifuta kunaleta umeme tuli unaoinasa dawa kwenye kuta. Rudia kuosha hivyo kila wiki.

Kuitumia: tikisa kopo, lichomeke kwenye kitako, mtoto abanishe midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara moja tu. Avute na kutoa hewa humo humo, pumzi tano au sita za kawaida. Kisha tikisa, bonyeza tena. Kubonyeza mara mbili au tatu kwa pamoja kunapoteza dawa. Mtoto wa chini ya miaka 4 anahitaji spesa yenye kinyago kinachokaa vizuri puani na mdomoni.

Na hesabu dawa yako. Makopo mengi yana mipulizo 200. Ukitumia miwili asubuhi na miwili jioni, ni minne kwa siku, kwa hiyo baada ya siku 50 dawa imekwisha, ingawa kopo bado litapuliza gesi na kusikika likitikisika. Andika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Lile jaribio la kuelesha kopo kwenye beseni la maji lisikudanganye; halina uhakika.

Hatua ya 6: Punguza kinachomchokoza

Usijaribu kubadilisha nyumba nzima kwa siku moja. Rudi kwenye daftari, uone kinachojirudia, uanze na hicho.

Moshi ndio adui wa kwanza katika nyumba zetu. Jiko la mkaa likiwashwa, liwashiwe nje hadi moshi uishe. Kama gesi iko ndani ya uwezo, hata kwa mapishi ya haraka tu, inasaidia. Mtoto mwenye pumu asikae jikoni mgongoni mwa mama. Sigara isivutwe ndani ya nyumba, na kuvutia dirishani hakutoshi. Ubani, udi na dawa ya mbu ya kuwasha ni moshi pia, hata kama unanukia. Chandarua kinazuia mbu bila kumchokoza mgonjwa. Takataka zichomwe mbali, au zisichomwe.

Kitanda ni cha pili. Mito na magodoro ya sufi ya zamani hukusanya vumbi na wadudu wadogo wasioonekana. Funika godoro na mto kwa plastiki au kitambaa kizito, shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Fagia baada ya kunyunyiza maji, au futa kwa kitambaa kibichi, mgonjwa akiwa nje. Mende na ukungu wa ukutani wakati wa masika navyo huchokoza vifua vingi.

Dawa nyingine zinaweza kumbana mwenye pumu. Propranololi na wenzake wa shinikizo la damu na moyo. Timololi, ambayo ni matone ya presha ya macho na watu hawafikirii kwamba tone la jichoni linaweza kufika mapafuni. Na kwa baadhi ya wagonjwa, aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Mwambie muuza dawa kwamba una pumu kabla hajakupa kitu cha maumivu. Dawa uliyoandikiwa na daktari usiiache mwenyewe, rudi kwake.

Michezo haikatazwi. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu na aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mwaka 2003. Mtoto anayebanwa akikimbia anahitaji dawa yake ipangwe vizuri zaidi, na mwalimu ajue kopo liko wapi, lisifungiwe ofisini.

Hatua ya 7: Jiulize maswali manne kila mwezi

Katika wiki nne zilizopita: nimepata dalili mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Nimeamshwa usiku na kifua? Nimetumia salbutamoli zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna shughuli niliyoshindwa? Ukijibu hapana kote, pumu imedhibitiwa. Ndiyo moja au mbili, udhibiti ni wa nusu. Tatu au nne, pumu haijashikwa na unatakiwa kliniki. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6 viwango ni vikali zaidi: dalili zaidi ya mara moja kwa wiki tayari ni nyingi.

Kabla ya kuongezewa dawa, kagua kwanza uvutaji, kama dawa inatumika kila siku, na kama moshi umepungua. Mara nyingi jibu liko hapo. Ukikaa miezi mitatu bila shida, daktari anaweza kupunguza dozi taratibu. Usiikate ghafla kwa sababu unajisikia vizuri, maana kujisikia vizuri huko kumeletwa na dawa.

Hatua ya 8: Siku ya shambulio

Mpango huu uandikwe, ubandikwe ukutani, na kila mtu mzima wa nyumba aujue, pamoja na namba ya bodaboda au teksi inayokuja usiku.

Mkalishe wima, usimlaze. Legeza nguo, fungua dirisha. Mpe salbutamoli kwa spesa, mpulizo mmoja mmoja: mtoto wa miaka 5 au chini, mipulizo 2 hadi 6, aliyezidi umri huo na mtu mzima, 4 hadi 10. Subiri dakika 20. Kama hajapona, rudia, na tena mara ya tatu ndani ya saa hiyo, lakini ukiwa tayari njiani kwenda hospitali. Anayetumia budesonidi na formoteroli apulize mara moja, arudie baada ya dakika chache, asizidi mara 6 kwa wakati mmoja.

Usisubiri hata kidogo ukiona haya: hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au mtoto hawezi kunyonya wala kulia, mbavu na shingo zinaingia ndani, midomo au ulimi ni wa bluu au kijivu, anasinzia au amechanganyikiwa, au filimbi imenyamaza huku bado anahangaika kuvuta hewa. Kifua kilichonyamaza namna hiyo hakijapona. Hewa haipiti kabisa. Endelea kumpulizia ndani ya gari hadi mlangoni mwa hospitali.

Usimpe dawa ya usingizi, usimfukize kwa mvuke wa maji ya moto, na usipoteze saa kutafuta dawa ya kunywa. Hospitalini atahitaji oksijeni kama imeshuka, dawa ya kutanua, na prednisoloni mapema, maana huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Kwa mtu mzima ni miligramu 40 hadi 50 kila siku, kwa siku 5 hadi 7. Kwa mtoto, miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito kila siku, isizidi 40, kwa siku 3 hadi 5. Maliza siku ulizoandikiwa.

Ukiruhusiwa kurudi nyumbani, kazi bado ipo. Aliyebanwa mara moja yuko karibu kubanwa tena. Mtoto aonwe tena ndani ya siku moja au mbili, mtu mzima ndani ya wiki. Nenda na daftari, makopo yote unayotumia na spesa yako, na usitoke chumbani kwa daktari kabla hujapata mambo manne: dawa ya kuzuia mkononi, mtu aliyekutazama ukivuta, karatasi ya mpango wa shambulio iliyoandikwa upya, na tarehe ya kurudi.